Mume Aliyepungua Sehemu Moja ya Kumi

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya nne ya mwezi wao wa tano, watu wote wa mtaa nilioingia walikuwa wamelala kifudifudi, kila mmoja amebana sikio la kulia ardhini. Nilihesabu sitini na watatu, wakiwemo polisi wawili na muuza maandazi aliyefunika sinia yake kwa gazeti. Hakuna aliyenitazama. Saa mbili na robo kengele ililia. Wakainuka, wakajipangusa vumbi, na kila mtu akaendelea na sentensi aliyoikatisha.

Nilikuwa nimealikwa Gandamo kukagua mizani. Hiyo ndiyo kazi yangu, na nimeifanya miaka ishirini na miwili. Jinsi nilivyofika haimfaidii msomaji. Atosheke kujua kwamba Gandamo iko chini, si ng'ambo, na kwamba wenyeji wake ni watu kama sisi, isipokuwa miili yao hutii sheria ya mawe: ikibanwa vya kutosha hujipanga upya kwa ndani, bila kuongezeka wala kupungua chochote kilichomo.

Aliyenipokea ni Bwana Machano, Mkurugenzi wa Idara ya Usikivu, mtu mnene mwenye sikio moja lililopondeka kwa kazi.

"Tunaisikiliza nchi," alinieleza. "Huko chini kabisa hakuna aliyewahi kufika. Kwa hiyo tunabisha hodi, kisha tunasikiliza."

Wenyeji huigawa nchi yao kama zambarau. Juu kuna Ganda, ambako nilifikia, nalo ni jembamba mno. Chini yake kuna Nyama, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya nchi na ya watu. Katikati kuna Kokwa. Kila anayeishi Gandamo hubeba uzito wa wote walio juu yake, na anayeishi chini zaidi hubeba zaidi. Jambo hili linajulikana kwa hesabu na halina ubishi. Pamoja na hayo, watu wa Ganda huamini kwamba wao ndio waliobeba nchi. Mtu wa Ganda hawezi kukaa kitini bila kushusha pumzi na kusema, "Ah, nchi nzito," ilhali juu yake hakuna kitu isipokuwa kofia. Sheria huwataka watu wa Nyama wabishe mara tatu kila adhuhuri, kuwashukuru wa Ganda kwa kuwakandamiza, kwa kuwa bila kukandamizwa wasingekuwa imara. Ganda hupokea shukrani hizo kwa kuketi.

Nilianza na vipimo vya idara yenyewe. Hubisha kwa mchi wa chuma uliozidi kimo cha mtu, kwa namna mbili. Pigo la kusukuma hupigwa wima, na hupita katika kila kitu. Pigo la kutikisa hupigwa kwa ubavu, na hupita katika kitu kigumu tu. Likikuta kimiminika hufa. Muda wa mwangwi kurudi huandikwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde. Nilipitia kumbukumbu za miaka kumi na minne sikukuta kosa la namba. Makosa yalikuwa katika safu ya maelezo. Mbele ya kila pigo la kutikisa lililopotelea Kokwani paliandikwa: "Wamesikia, wamenyamaza. Utovu wa adabu."

"Bwana Mkurugenzi," nilisema, "kimiminika hakiwezi kurudisha pigo la kutikisa. Hiyo ni hali yake. Adabu haimo."

"Bwana mkaguzi, nina miaka thelathini katika kazi hii. Mtu akibishiwa hodi asiitike, hata awe majimaji, ana kiburi."

Kwamba watu wa Kokwa ni majimaji, Ganda walikuwa wamekubali. Kitabu chao cha shule kinaeleza sababu: Kokwa ni ya moto kuliko mahali popote, samli ikipata moto huyeyuka, kwa hiyo Kokwa yote ni samli. Kwa tabaka la nje la Kokwa hitimisho ni sahihi, ingawa si samli, ni chuma. Chuma hicho huzunguka mchana kutwa, na mzunguko wake ndio unaozielekeza dira zote za Gandamo na kuikinga nchi na mvua ya sumu itokayo angani. Kila nyumba ya Ganda ina dira mlangoni. Wanaozunguka huko chini huitwa wazururaji.

Kwa moyo wa Kokwa kitabu kimekosea. Joto huyeyusha, lakini kubanwa huzuia kuyeyuka, na huko katikati kubanwa kumelishinda joto. Palipo na moto mkali kuliko kote pana ugumu pia. Nilikuta ushahidi wa hayo katika kumbukumbu za miaka saba iliyopita: mwangwi mmoja dhaifu, uliorudi mapema kuliko ilivyotarajiwa, kama uliogonga tufe gumu ndani ya majimaji. Pembeni mkurugenzi alikuwa ameandika: "Mbishaji aoshe masikio." Ukurasa uliofuata, jina la mbishaji huyo lilikuwa limefutwa.

Siku ya tatu mbishaji huyo alikuja mwenyewe mezani kwangu sokoni, nilipokuwa nikijaribu mizani ya wauza nyama. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mikono yake minene ya kuinua mchi. Aliitwa Siwajibu.

"Wewe ndiye unayepima vitu bila kuuliza ni vya nani?" aliniuliza.

Nilimwambia hiyo ni tafsiri nzuri ya kazi yangu.

"Basi nina mtu nataka umpime. Mume wangu. Yuko chini."

"Alishuka lini?"

"Hakushuka. Alifuata mchi."

Habari zenyewe, nilizozithibitisha baadaye katika faili, ni hizi. Mumewe aliitwa Vuai, naye alikuwa mbishaji kama yeye. Miaka sita iliyopita, akiwa kazini kwenye ngazi za chini, mchi wa serikali uliteleza ukaporomoka. Vuai aliteremka kuufuata, na kwa kuwa alikuwa akiangalia mchi badala ya ukuta, alipita Kizingiti cha Kwanza, ambacho kiko ngazi ya mia nne na kumi.

Kizingiti si ukuta. Ni mstari wa chokaa, na ni kina ambacho mwili, ukibanwa hapo, hujipanga upya. Mtu huvuka akiwa na kila alichokuwa nacho, ila kimebanana zaidi. Hupungua ujazo kwa sehemu moja ya kumi na rangi yake huwa ya buluu iliyokolea. Kifungu cha kwanza cha Sheria ya Vizingiti kinasema: "Mtu ni umbo lake." Kwa hiyo anayevuka huandikwa amekufa juu, na dakika hiyohiyo huandikwa amezaliwa chini, kwa jina linalofuata kwenye orodha. Vuai alikufa saa nne na dakika tano. Saa nne na dakika tano alizaliwa Faki. Mchi nao ulifutwa kwenye orodha ya mali, kwa kuwa uliopatikana ulikuwa mfupi.

"Mbona hakurudi palepale?" niliuliza.

"Aliomba. Kibali cha kupanda hupewa mwenye jamaa huku juu. Faki hana jamaa. Amezaliwa kizingitini, na mama yake ni mstari wa chokaa." Alisema hivyo bila kucheka. "Mimi wakaniletea nguo za eda. Nikawaambia, mume wangu hajafa, kila jioni ananibishia hodi sakafuni. Wakasema hizo ni kelele za kijiolojia."

Siwajibu alikuwa ameomba mara kumi na moja mumewe apandishwe. Mara ya kumi na mbili Mahakama ya Ganda ilikubali kumpandisha Faki ili iamue kama ni Vuai. Sheria humruhusu kila mtu kupanda mara moja tu maishani. Wakiamua ndiye, atabaki nyumbani kwake. Wakiamua siye, atarudishwa chini, na hatapanda tena.

Kuna njia mbili za kupanda. Ya kwanza ni ngazi, na huchukua siku themanini, kama ngazi tano kwa siku. Mwili ukipanda polepole hivyo hupata muda wa kujilegeza na kurudia mpangilio wake wa zamani. Ya pili ni bomba, ambalo humrusha mtu juu kwa dakika nne pamoja na mvuke, na anayefika kwa bomba hubaki na umbo la chini, kwa kuwa hakupata nafasi ya kulegea. Kwetu almasi hufika juu kwa namna kama hiyo, na hakuna anayeilaumu. Nilimwandikia Hakimu Ussi wa mahakama hiyo barua ya kurasa mbili kueleza tofauti hiyo na kupendekeza ngazi. Jibu lilikuja mchana uleule, mstari mmoja: "Kikao kinafungwa Alhamisi. Tumia bomba."

Faki alifika Jumatano saa tano asubuhi. Bomba lilimtema kwenye nyasi za uwanja wa mahakama. Aliinuka, akatema mate ya vumbi, akatazama juu kwa muda. Alikuwa buluu, mfupi kuliko nilivyoelezwa, na jiwe lililotoka naye bombani lilipomgonga kichwani lilitoa mlio wa kengele. Siwajibu alimfuata akasimama mbele yake. Walikuwa hawajaonana miaka sita.

"Umechelewa," akamwambia.

"Foleni," akajibu Faki.

Polisi akawatenganisha, kwa kuwa kisheria walikuwa hawajatambulishwa.

Ukumbi ulijaa. Nilifahamishwa kwamba wengi walikuja kuona kiti cha mashahidi kikivunjika, kwa imani kwamba watu wa chini ni wazito. Kiti hakikuvunjika. Mtu aliyebanana si mzito zaidi. Ana uzito uleule katika nafasi ndogo. Watu kadhaa walitoka nje wakilalamika.

Hakimu Ussi alikuwa mzee mkavu, mwangalifu, mwenye tabia ya kurudia maneno ya mwisho ya kila aliyezungumza.

"Shahidi, jina lako?"

"La juu au la chini, mheshimiwa?"

"La chini. Ulilokuja nalo."

"Nimekuja kwa bomba. Nililoweza kulishika ni Faki."

"Ni Faki," hakimu aliandika. "Basi amekiri."

"Amejibu swali," alisema Siwajibu kutoka benchi lake.

Bwana Machano ndiye aliyesimama kwa niaba ya serikali. Aliomba kuleta kielelezo cha kwanza, na watu wanne wakaingia wamebeba mlango. Ulikuwa mlango wa nyumba ya Siwajibu pamoja na fremu yake, uliong'olewa asubuhi ile. Katika Ganda kila mtu mzima hupimwa kimo kwenye fremu ya mlango wake na alama hukatwa kwa kisu mbele ya afisa. Alama ya Vuai ilikuwa sentimita mia moja na sabini na nne. Faki alisimamishwa kwenye fremu. Nilipima mwenyewe: mia moja na sitini na nane.

"Marehemu alikuwa mrefu," Machano alitangaza. "Huyu ni mfupi. Nimemaliza."

Hakimu alinigeukia. Nilieleza kwamba sentimita sita za kimo, zikipungua kwa uwiano mmoja katika pande zote za mwili, ni sawa na sehemu moja ya kumi ya ujazo, na kwamba ndicho kiasi kinachotarajiwa kwa mwili uleule uliopita Kizingiti cha Kwanza. Kisha niliomba mizani. Daftari la idara lilionyesha kwamba Vuai, asubuhi aliyoufuata mchi, alikuwa na kilo sabini na nne kamili. Nilimpima Faki mbele ya wote. Kilo sabini na nne na gramu mia mbili.

"Aha!" alisema Machano. "Zimezidi!"

"Amekunywa chai," alisema Siwajibu.

"Miaka sita, na uzito haukubadilika?" hakimu aliuliza.

"Chini hatunenepi, mheshimiwa," alijibu Faki. "Hakuna nafasi."

Machano hakutikisika. Alisema uzito si mali ya mtu. "Gunia la mchele likiwa na kilo sabini na nne, je, tuliite Vuai? Tulikabidhi mke?"

"Gunia halikoromi," alisema Siwajibu.

"Halikoromi," alirudia hakimu akiandika. "Marehemu alikuwa akikoroma?"

"Marehemu yuko mbele yako. Muulize."

"Mahakama haiwezi kumuuliza marehemu."

Hapo mmoja wa wazee wa baraza, aliyekuwa amesinzia tangu mlango ulipoingia, alifumbua macho akatoa shauri. Ikiwa tatizo ni kwamba mtu huyu amekaza kupita kiasi, kwa nini asitiwe motoni mpaka alegee arudie kimo chake? Nililazimika kusema ukweli, kwamba shauri lenyewe halina kasoro ya kisayansi. Umbo la kina likipashwa moto mahali pasipo na mbano hulegea. Nikaongeza kwamba joto linalohitajika lingemaliza pia meza, mlango na hakimu.

"Lakini yeye atabaki?" aliuliza mzee.

"Mume wangu si muhogo!" Siwajibu alisimama. "Mngempandisha kwa ngazi angefika na kimo chake. Mkaguzi aliwaandikia. Nyinyi ndio mliomrusha kwa bomba, sasa mnamshitaki kwa bomba!"

Wengi ukumbini walinung'unika kumwunga mkono. Hakimu aligonga meza. Kisha Machano alisema jambo ambalo naliandika kama alivyolisema, kwa kuwa nilimwomba alirudie.

"Bibie, usijidanganye kwa ngazi. Angekuja kwa ngazi, angefika na sentimita mia moja na sabini na nne. Hapo tungesema: huyu hana dalili yoyote ya kutoka chini. Faki tuliyemwita yuko wapi? Na huyu aliyevaa kimo cha marehemu ni nani? Tungemfunga kwa kujifanya mtu aliyekufa."

Faki alicheka peke yake. Kicheko chake kilikuwa kifupi na kizito, kama jiwe lililotupwa juu ya jiwe.

"Kwa hiyo kwa ngazi ni tapeli," Siwajibu alisema polepole, "na kwa bomba ni mgeni."

"Ndivyo sheria ilivyo," alisema Machano. Nadhani alikuwa anajivunia.

Hukumu ilisomwa saa nane na nusu. Hakimu Ussi alisema ushahidi wa mizani ni sahihi. Ushahidi wa mlango nao ni sahihi. Mizani ililetwa na mgeni. Mlango ni wa Ganda. Kwa sababu hiyo Faki si Vuai. Atarudishwa chini kesho asubuhi. Vuai anaendelea kuwa amekufa, na mjane anatakiwa avae nguo zake.

Siwajibu hakulia. Aliomba ruhusa ya kuuliza maswali matatu ya kisheria, na hakimu, aliyependa maswali ya kisheria, akamruhusu.

"Mtu anayevuka kizingiti kwenda chini ni mtu mpya?"

"Ni mtu mpya."

"Hata akiwa amevuka kwa hiari?"

"Hata kwa hiari, mradi majirani wamemfanyia matanga."

"Mtu huyo mpya hana mume juu, si mjane, hana hukumu?"

"Hana mume, si mjane, hana hukumu. Hana chochote. Amezaliwa."

"Ahsante, mheshimiwa," alisema Siwajibu. "Nataka na hayo yaandikwe." Yakaandikwa.

Asubuhi ya Alhamisi, saa moja, polisi wawili walimteremsha Faki. Saa mbili Siwajibu aliwasha moto uani kwake akaanza kupika wali wa matanga yake mwenyewe. Nyumba haikuwa na mlango, kwa kuwa kielelezo kilikuwa bado mahakamani, hivyo watu waliingia bila hodi. Walifika thelathini na wanane. Sheria inataka marehemu mtarajiwa aliliwe, atajwe kwa wema, na chakula kiliwe. Jirani yake, Bi Kibibi, aliyekuwa shoga yake tangu ujana, alijifunika kanga akaanza.

"Alikuwa mwanamke mwema! Mkarimu! Hakuna kama yeye mtaa huu!"

"Sogeza sahani, Kibibi, wali unapoa," alisema Siwajibu akimpakulia. "Na jana ulisema nina mdomo."

"Jana ulikuwa hai, shoga. Leo niache nikulilie vizuri." Bi Kibibi alikula kidogo, kisha akalia kweli, na hakuweza tena kutaja wema wowote.

Machano alifika wakati wa chai. Alikaa, akasema nchi ni nzito, kisha akamwomba Siwajibu afikiri upya. Aliongea kwa upole, na naamini alimaanisha. "Huko chini, bibie, utabeba uzito wa Ganda zima. Wa kwangu, wa hakimu, wa soko, wa kila mtu. Usiku na mchana. Hapa unakaa bure."

"Nimekubeba wewe miaka sita nikiwa juu," alijibu Siwajibu. "Angalau huko nitakuwa na wa kusaidiana naye."

"Na ukitaka kurudi? Utapanda mara moja tu. Na ukipanda, tutakupima kwa mlango."

"Mlango mnao nyinyi. Kaeni nao."

Machano aliomba afungiwe wali kidogo wa kwenda nao, akafungiwa.

Nilifuatana na Siwajibu hadi ngazi ya mia nne, ambapo mimi, kwa kuwa sitii sheria ya mawe, nilitakiwa kusimama nyuma ya kioo kinene. Bi Kibibi aliishia ngazi ya mia mbili. Kizingitini pana meza moja ndefu iliyowekwa juu ya mstari wa chokaa. Upande wa juu huketi karani wa vifo, upande wa chini karani wa vizazi. Wamekaa wakitazamana miaka kumi na tisa na husukumiana wino. Kisheria hawajawahi kukutana.

Siwajibu alikuwa na mkoba mmoja. Karani wa vifo alimuuliza jina, umri, chanzo cha kifo.

"Mahakama," alisema.

Karani alifikiri kidogo, akaandika "kawaida", akagonga muhuri. Siwajibu akavuka mstari saa tisa na dakika kumi na moja. Yafuatayo niliyaona kwa macho. Alisimama. Mabega yalishuka kwanza, kisha kimo chote. Mlio ulisikika, kama chungu kinapopoa. Rangi ya buluu ilianzia vidoleni ikapanda. Ilichukua chini ya dakika mbili. Alijitazama mikono, akaikunja, akaikunjua, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyetwishwa gunia na kugundua kwamba analimudu. Polisi waliokuwa wamemshusha Faki walikuwa wamekwishaondoka. Faki mwenyewe alikuwa ameketi kwenye ngazi ya tatu chini ya mstari, na akasimama.

Karani wa vizazi alifungua daftari lake.

"Jina lako kwa mujibu wa orodha ni Mwanahawa. Una jamaa yeyote hapa?"

"Sina. Nimezaliwa sasa hivi."

"Umeolewa?"

"Bado."

Karani alimwonyesha Faki kwa ncha ya kalamu, kama fomu inavyotaka. "Unamfahamu mtu huyu?"

Alimtazama Faki kuanzia miguuni hadi kichwani, bila haraka.

"Ndiyo kwanza namwona," alisema. "Ni mfupi. Lakini atanifaa."

Karani aliandika maneno hayo yote, akamwuliza Faki kama ana pingamizi, akaandika kwamba hana. Saa tisa na dakika ishirini na mbili Faki alichukua mkoba, wakashuka.